Pytest na roboti wangu wa mezani: uzoefu wangu

Nilikuwa nimeipa Python, lugha ya kuandikia programu, kisogo miezi kadhaa, nikatafuta zoezi dogo la kunirudisha. Nikachukua lile la roboti wa mezani ambalo waombaji kazi za programu hupewa mara nyingi: meza ya miraba 5 kwa 5, roboti mmoja, amri tano. Zangu niliziandika kwa Kiswahili: WEKA, SOGEA, KUSHOTO, KULIA, RIPOTI. Ukimsukuma nje ya meza anagoma, na kabla ya WEKA hasikii la mtu.

Programu ilikamilika jioni moja. Nikaijaribu kwa mkono: WEKA 1,2,MASHARIKI (mahali pa kumweka na upande anaoelekea), SOGEA mara mbili, KUSHOTO, SOGEA. RIPOTI ikaleta 3,3,KASKAZINI. Sawasawa. Karibu nifunge kompyuta, nikasema ngoja niionje na hii pytest ninayoisikia kila siku, zana ya kujaribu programu za Python. Ni ya bure, unaishusha kwa pip, kisakinishi cha Python.

Mwanzo ulinichekesha. Faili nililiita jaribio_roboti.py, ikajibu haikuona jaribio hata moja. Kumbe hutafuta mafaili yenye test_ mwanzoni au _test mwishoni! Mistari miwili ndani ya pytest.ini, faili la mipangilio yake, python_files na python_functions, ikaizoesha Kiswahili changu, lakini nusu saa ilishakwenda.

Iliponiumbua ni kwenye parametrize, ambayo hurudia jaribio moja kwa thamani tofauti. Nilimwelekeza roboti KASKAZINI, nikampa KUSHOTO kuanzia mara 1 hadi 5. Nne zikapita, ya tano ikalipuka: IndexError, yaani nimeomba nafasi isiyokuwepo kwenye orodha. Pande nne nilizipanga kwenye orodha, KASKAZINI ikiwa namba 0, na KUSHOTO ilikuwa inapunguza 1 tu kwenye namba ya upande. Python huhesabu namba hasi kutoka mwisho wa orodha, basi kuanzia -1 hadi -4 mambo yalikwenda kama kawaida na kosa likajificha humo. -5 haipo. KULIA, inayoongeza 1, ingeanguka mapema zaidi, mara ya nne, ila sikuwahi kumzungusha kiasi hicho kwa mkono. Dawa ilikuwa % 4, yaani baki la kugawanya kwa 4, herufi mbili!

Nisichokipenda ni capsys, inayonasa kilichochapishwa na RIPOTI. Inafanya kazi vizuri, lakini unaitaja tu kwenye mabano ya funksheni nayo inajitokeza yenyewe kama jini. Kwa mwanafunzi mpya hapo pana maelezo marefu.

Nyota nne kati ya tano.