Magongo ya aluminiamu: nyota tatu, na moja ni ya fundi viatu

Nina miaka 22. Nilivunjika mfupa wa pembeni mwa mguu, ule wa kidole kidogo, kwenye mechi ya mchangani Tandika. Nikapasuliwa, nikawekewa skrubu, nikaambiwa wiki sita nisikanyage. Kwa hiyo haya magongo ya kwapani nimeishi nayo hasa.

Niliyanunua Kariakoo kwa shilingi 45,000 baada ya kubishana sana. Ni mepesi, na matundu ya kurekebishia urefu hayagomi. Ila muuzaji aliyapandisha mpaka yakagusa kwapa, na siku ya tatu vidole vya mkono vikaanza kufa ganzi. Dada wa mazoezi ya viungo alinicheka: "Mdogo wangu, hayo si ya kuning'inia!" Kumbe yanatakiwa yaishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito uubebe kwa viganja.

Ubaya wake mkubwa ni mipira ya chini. Wiki mbili tu imelika, na kwenye vigae vya bafuni vilivyolowa nusura nirudi chumba cha upasuaji. Fundi viatu wa mtaani akanikatia vipande vya tairi kwa 2,000, havijatoka mpaka leo. Sponji ya mkononi nayo ilichanika, mama akaizungushia kanga.

Daladala usijaribu. Konda anakwambia "twende, kaka," huku gari limeshaondoka.

Nayauza 20,000, pamoja na tairi zake. Kanga mama ameshaichukua.