Tahadhari: "Getiwei ya laini nne" isiyo na tundu hata moja la laini

Wenye ofisi, wahasibu mnaopitisha malipo, na mafundi mnaotumwa dukani: kuna mchezo wa kuuza getiwei za simu za intaneti (visanduku vinavyounganisha laini na simu za kawaida na simu za intaneti), na wanaoingizwa mjini zaidi ni ofisi ndogo zenye laini mbili hadi nane za TTCL. Tangazo halibadiliki sana. Picha safi ya kifaa, maneno "full boksi, laini 4, kufunga bure", halafu nusu ya pesa inaombwa kwa lipa namba kabla mzigo haujatoka. Kinacholetwa kina matundu manne kweli. Ila ni matundu ya simu, siyo ya laini.

Getiwei ina matundu ya aina mbili. FXS inatoa umeme na mlio: unachomeka simu ya mezani ya kawaida, unainua mkonga, unasikia toni. FXO haitoi chochote. Inasubiri umeme wa laini ya TTCL na kujifanya yenyewe ndiyo simu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, yote ni RJ11, tundu la kawaida la waya wa simu. Ofisi inayotaka laini zake za zamani ziingie kwenye mtambo wa simu wa intaneti, uwe Asterisk, FreePBX, 3CX au Yeastar, inahitaji FXO. FXS kazi yake ni kuzifanya simu za mezani zilizopo, au mashine ya faksi, zifanye kazi kwenye mtambo huo. Hesabu ni rahisi: laini zinazoingia kutoka nje ndizo idadi ya FXO, simu za kawaida utakazobaki nazo ndizo idadi ya FXS. Ofisi ya laini 4 na simu 12 za IP inahitaji FXO 4 na FXS sifuri. Muuzaji anayekwambia uchukue FXS 8 "kwa usalama" anamalizia stoo yake.

Kwa nini wanapenda kubadilisha? Kwa idadi ileile ya matundu, FXO kwa kawaida ina bei kubwa kuliko FXS, na majina yanafanana mno. Kwenye vifaa vya kampuni ya Grandstream, GXW4104 ni FXO nne, GXW4004 ni FXS nne. Tarakimu moja tu. GXW4108 na GXW4008 ni hivyohivyo. Kwenye vile vidogo, HT813 ina FXS moja na FXO moja, wakati HT812 ina FXS mbili na haina FXO kabisa. Ukiuliza unaambiwa "hizo ni ndugu, tofauti ni rangi ya boksi". Kwa Cisco na Linksys za zamani, SPA3102 ina moja ya kila aina, ila SPA112 na PAP2T ni FXS mbili tupu. Andika jina kamili la modeli kwenye oda, na likae hivyohivyo kwenye risiti ya EFD pamoja na serial namba ya kifaa. Maneno "getiwei ya VoIP pc 1" kwenye risiti hayakusaidii popote.

Kosa hili siyo la usumbufu tu, linaunguza. Laini ya TTCL ikiwa imetulia ina volti kama 48 za DC, na simu inapoita hupanda juu yake umeme wa AC wa volti kati ya 75 na 90 hivi. FXS nayo inasukuma umeme wake upande huohuo. Ukizikutanisha, kifaa kinaweza kufa simu ya kwanza tu ikiita. Hapo muuzaji anapata sentensi aliyokuwa anaisubiri: "Umeunguza mwenyewe, waranti haihusu."

Kwa hiyo jaribio lifanyike kaunta, kabla ya kulipa nusu iliyobaki. Beba simu ya mezani ya waya, ile isiyohitaji kuchomekwa kwenye umeme wa ukutani. Washa getiwei, subiri dakika mbili iamke, kisha chomeka simu kwenye kila tundu, moja baada ya jingine. Ukisikia toni, au hata ule mlio wa harakaharaka wa kifaa ambacho hakijasajiliwa, hiyo ni FXS. Ukisikia ukimya kabisa, kama umechomeka simu kwenye ukuta wa udongo, hiyo huenda ni FXO, au ni tundu bovu. Kama una maltimita (kipima umeme), pima nyaya mbili za katikati: FXS inaonyesha volti za DC, kwa kawaida karibu na 48, vifaa vidogo vingine pungufu ya hapo. FXO inaonyesha sifuri. Jaribu kifaa kikiwa kimewashwa, tafadhali. HT813 ikizimwa inaunganisha laini na simu moja kwa moja ili ofisi isikatike umeme unapokatika, na wapo wauzaji wanaotumia hilo kukuonyesha "si unaona laini inafanya kazi".

Mchezo wa pili ni vifaa vilivyolokiwa. Hivi ni mtumba: kampuni za simu za Ulaya na Marekani zilivigawa kwa wateja wao zikiwa zimevifunga visikubali mtambo mwingine wowote. Mteja alipohama, kifaa kikaingia kwenye shehena. PAP2 iliyokuwa ya Vonage ndiyo mfano wa miaka mingi, lakini hata Grandstream na SPA zipo za namna hiyo. Dukani kinawaka vizuri, taa zote za kijani, ukurasa wake unafunguka. Ukitaka kuingia sehemu ya admin unaombwa nywila ambayo hakuna anayeijua.

Wajanja wanakwambia "tumeshairiseti". Sawa, airiseti tena mbele yako. Kwenye SPA, chomeka simu, bonyeza nyota nne, subiri sauti, kisha 73738# na 1 kuthibitisha. Ikiomba nywila hapo, rudisha kwenye boksi na uondoke. Kwenye Grandstream yenye tundu la FXS ni nyota tatu, kisha 99, kisha namba ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) iliyo kwenye stika kwa utaratibu ulio kwenye mwongozo wake. Au shikilia kitundu cha riseti kwa pini kwa sekunde kama saba.

Jaribio lenyewe halijaisha hapo. Riseti ifanyike kebo ya intaneti ikiwa imechomolewa. Ingia kwenye ukurasa wa kifaa kwa laptopu, weka nywila yako mwenyewe, andika namba yoyote ya eksitensheni (simu ya ndani ya ofisi), hifadhi. Sasa chomeka intaneti, zima, washa, kaa dakika tano. Kifaa kilicholokiwa kinapopata intaneti kinakimbilia seva ya mwenye nacho wa zamani, kinashusha mipangilio yake na kufuta ya kwako. Ukirudi ukakuta nywila yako haifanyi kazi au jina la seva ya ajabu limeandikwa peke yake, umepata jibu. Hii ndiyo sababu vifaa vingi vya aina hii "vinakufa" siku ya pili ofisini wakati dukani vilikuwa vizima: dukani havikuwekwa kwenye intaneti.

Ukiwa umefungua ukurasa huo, linganisha MAC ya kwenye skrini, ya kwenye stika chini ya kifaa, na ya kwenye boksi. Zote tatu lazima zifanane. Boksi jipya na kifaa cha mtumba ni ndoa ya kawaida sana sokoni. Tazama pia adapta ya umeme: upande wa kuingia isomeke volti 100 hadi 240, na upande wa kutoka ulingane na kilichoandikwa kwenye kifaa. Adapta ya volti 12 kwenye kifaa cha volti 5 haikupi nafasi ya pili.

Kabla ya yote hayo, swali moja ambalo muuzaji hatakuuliza: je, unahitaji getiwei? Kama laini zako zimeshahamia faiba, muulize mtoa huduma kama anaweza kukupa laini za SIP, yaani laini za simu zinazopita kwenye intaneti, moja kwa moja kwenye mtambo. Akiweza, hakuna kisanduku cha kununua. Akisema atakupa tundu la simu kwenye kifaa chake cha faiba, hilo ni FXS, na upande wako bado ni FXO.

Sasa upande wa kufunga, ambako "bure" inageuka kuwa ghali. Fundi kishoka anamaliza kwa dakika ishirini: anachomeka, anapiga simu moja, inaita, anaomba nauli. Matatizo yanaanza jioni.

La kwanza ni laini isiyoachia. Mteja wa nje anakata simu yake, lakini FXO haijui kwamba amekata, laini inabaki imeshikwa, na wengine wote wanaopiga wanakuta iko bize. Kwenye laini nyingi kifaa kinatambua mwisho wa simu kwa kusikia mlio wa bize kutoka TTCL, na mlio kiliotoka nao kiwandani mara nyingi ni wa Kimarekani, herzi 480 na 620 kwa pamoja. Mitandao mingi ya nje ya Amerika Kaskazini hutumia mlio mmoja wa herzi 425. Fundi anayejua kazi habahatishi: anarekodi mlio wa laini yenyewe, anaupima masafa yake na urefu wa kuwaka na kuzima, ndipo anaandika thamani hizo. Kipimo chako ni hiki: piga kutoka simu ya mkononi, ipokelewe ofisini, kata upande wa mkononi, usiguse kingine. Taa ya LINE isipozimika ndani ya sekunde chache, kazi haijaisha. Rudia kwa kila laini.

La pili, ukipiga nje unasikia toni na kulazimika kupiga namba upya. Hiyo ni "Stage Method" kwenye mipangilio ya getiwei iliyobaki 2, iwekwe 1. La tatu, namba ya anayepiga haionekani, kwa sababu getiwei inapokea kabla taarifa haijafika, nayo kwenye mifumo mingi husafiri kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Ongeza idadi ya milio hadi 2 au zaidi. La nne, sauti inasikika upande mmoja: mara nyingi ni SIP ALG, kipengele cha rauta kinachoingilia simu za intaneti, izimwe. Kodeki, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, iwe PCMA kwa laini zetu, na uhesabu karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwa kila mazungumzo. Kifurushi kinachokokotwa na kamera nane za CCTV hakiwezi kubeba mazungumzo manne. Kwenye HT813 kumbuka FXO inasikiliza poti (mlango wa mtandao) 5062, siyo 5060. Mtambo ukituma 5060 itaita simu ya mezani iliyo pembeni, na fundi atakwambia kifaa ni kibovu.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haina mlio. Bosi anataka kupokea simu akiwa nyumbani, fundi anafungua poti 5060 kwenye rauta au anaweka mtambo mzima kwenye DMZ, yaani wazi kwa intaneti yote, eksitensheni 101 nywila 101. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta mlango huo. Dalili ni simu zinazoita saa nane usiku kutoka namba "100" au "1001" na hakuna mtu; kwenye kumbukumbu za mtambo utaona jina "friendly-scanner". Wezi wakiingia wanasubiri Ijumaa jioni, wanapiga namba za nje zenye malipo makubwa hadi Jumatatu asubuhi, na bili inakuja kwa jina la ofisi yako. Simu zilipita kwenye laini yako, mtoa huduma atakudai wewe. Funga poti, bosi atumie VPN (njia ya mtandao iliyofungwa kwa wengine), kwenye getiwei washa kipengele cha kupokea ujumbe wa SIP kutoka seva yako pekee, zuia namba zinazoanza na 00, yaani za kimataifa, kwenye mpango wa kupiga, na mwombe mtoa huduma afunge simu za kimataifa kama huzitumii.

Wapo pia wanaokuja na ofa tamu: wanakuletea getiwei ya laini za simu za mkononi, 16 au 32, wanaomba waiweke ofisini kwako, watalipa kodi ya mwezi, wewe utoe intaneti na laini chache zilizosajiliwa kwa alama zako za vidole. Hiyo ni simboksi. Inashusha simu za kimataifa kwa njia ya panya zionekane za ndani, na bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa. Wakifuatilia wanafika kwenye jengo lako na kwenye kitambulisho chako cha NIDA, wakati mwenye kifaa hata jina lake halisi hulijui.

Siku ya kukabidhiwa usisaini bila vitu vinne mkononi: nywila ya admin, nakala ya faili la mipangilio kwenye flashi, orodha ya laini na tundu lake, na anwani ya IP ya getiwei, ambayo iwe ya kudumu na nje ya zile zinazogawiwa na rauta. Badilisha nywila fundi akiwa bado amekaa hapo. Akikataa kuitoa kwa maelezo kwamba "ni ya kampuni yetu", ujue kila utakapotaka kubadili jina la sekretari utalipa.

Kama umeshauziwa FXS badala ya FXO, usijaribu kuchomeka laini "kuona tu". Piga picha stika, boksi na risiti, rudisha kikiwa kizima. Kifaa feki chenye jina la watu peleka FCC, Tume ya Ushindani, ukiwa na risiti ya EFD. Muuzaji aliyekataa kuitoa risiti hiyo, TRA nao wana hamu ya kumjua.