Nilitaka kuuza Impreza yangu, dalali akaniuliza mume yuko wapi

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Kama una gari la zamani unalolipenda na unafikiria kumpa dalali hapa Dar akutafutie mteja, soma kwanza yaliyonikuta.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2001, ile yenye taa za mviringo. Sifa zake sizielezi, anayezijua anazijua. Wazo la kuiuza lilinijia kwa sababu ambazo kila mwenye gari la zamani lenye turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, anazielewa. Injini hii Japani waliiseti kwa petroli ya okteni 100, yaani ile isiyogonga kirahisi ndani ya injini. Ukiipa mafuta hafifu halafu ukakanyaga huku turbo imeshaamka, inaanza kugonga. Kwa hiyo naiendesha kwa adabu, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta, roho inanidunda. Chumvi ya Kawe nayo imeshaanza kula madigadi ya nyuma. Na foleni ya Mwenge jioni kwa gari la klachi ngumu, goti langu linajua.

Nikaelekezwa kwa dalali mmoja wa Kinondoni. Akaja asubuhi na kijana aliyekuwa anatafuta gari. Nimetoka na funguo mkononi, sijapewa hata salamu: "Dada, mwenye gari yuko wapi?"

Nikamwambia ni mimi. Akamtazama yule kijana, akacheka. "Sawa, lakini muite shemeji tuongee biashara."

Shemeji gani? Kadi ya gari ina jina langu. Belti ya taimingi nimebadilisha kwa pesa yangu, tena nilisimama gereji mpaka fundi akamaliza kuifunga, maana kwenye injini hii belti ikikatika vali zinagongana na pistoni na hapo huna injini tena. Hakuna mwanamume yeyote nyumbani kwetu anayeweza kukwambia gari hili linawekwa oili gani. Mimi naweza.

Hayo ningeyameza. Ila akaniomba funguo "tuisikie kidogo", akawasha, na papo hapo akapiga resi mpaka mshale ukagota juu. Injini ya baridi! Imelala usiku kucha! Oili ikiwa ya baridi ni nzito, inachelewa kufika kwenye turbo, na beringi zinazunguka karibu kavu. Nikapiga kelele azime. Akanijibu, "Tulia dada, tunasikiliza mlio."

Mlio wa Impreza unausikiliza injini ikishapata moto. Ile ngurumo yake ya kukatakata inatokana na mabomba ya moshi kutoka pande mbili za injini kutolingana urefu, wala haihitaji kupigiwa resi. Mtu anayeishi kwa kuuza magari hajui hilo, halafu anamtafuta mume wangu.

Akamalizia kwa kusema namba B, yaani gari la usajili wa zamani, hainunuliki, labda ikatwe iuzwe vipuri. Akataja nusu ya bei niliyosema, na humo humo naye aweke cha juu chake. Impreza, jina lililompa dereva wa mbio Colin McRae ushindi wa Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, ndiyo ya kukata vipuri! Injini yake, EJ20, haitengenezwi tena. Nikiiachia hii, nyingine nitaitoa wapi? Nikamfungulia geti.

Huduma yake naipa sifuri. Madalali waungwana wapo, nina ndugu waliouziwa viwanja na magari bila kelele, lakini kwa gari la aina hii sasa simwamini hata mmoja.

Ila sitamdhulumu yule kijana. Hakucheka. Wakati mwenzake anaropoka, yeye aliinama chini ya boneti akaniuliza mimi, kwa heshima, belti ilibadilishwa lini na kama injini imewahi kufunguliwa. Maswali yenyewe hasa. Angekuja peke yake pengine siku ile ningesaini. Au nisingesaini, kwa kweli sijui, maana tangu hasira zinipande kila nikiitazama naona siwezi.

Tangazo nimelifuta. Yule kijana tu, akiwa bado anaitaka, namruhusu kuja bila dalali. Bei ni ile ile, na kuwasha nawasha mimi.