OAPEN na DOAB: uzoefu wangu wa kupata vitabu vipya vya kitaaluma bila kulipa

Kwa anayesoma au kufundisha insia na sayansi za jamii huku kwetu, bei ndiyo kikwazo cha kwanza. Kitabu kipya cha utafiti chenye jalada gumu, kutoka kwa wachapishaji wakubwa wa Ulaya au Marekani, mara nyingi huvuka dola 100, na toleo la jalada jepesi, kama litatoka, huchelewa mwaka au zaidi. Ndiyo maana OAPEN na DOAB, tovuti mbili za vitabu huria vya kitaaluma, ndizo ninazozifungua kabla sijauliza bei popote. Nazipa alama za juu kabisa. Ila zina namna zake, na asiyezijua humaliza bando akaondoka akidhani hamna kitu.

Watu huzichanganya sana. OAPEN ni maktaba: faili lenyewe limo humo na unalipakua hapo hapo. Ofisi yake iko The Hague, kwenye maktaba ya taifa ya Uholanzi. DOAB, iliyoanza 2012, ni katalogi: inakuonyesha kwamba kitabu kipo na leseni yake ni ipi, kisha inakupeleka kwa mwenye faili, awe OAPEN au mchapishaji mwenyewe. Zote mbili hazitaki usajili, nywila wala barua ya chuo. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu huduma kama Research4Life, inayozipa nchi maskini majarida na vitabu vya utafiti, hupitia taasisi, na aliyemaliza shahada yake jana leo hayumo. Tena kitabu hakiingii DOAB mpaka kiwe kimesomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, na kiwe na leseni huria. Humo utakuta vitabu vya UCL Press, University of Michigan Press, Brill, De Gruyter, Bloomsbury na wengine wengi. Ni vitabu vile vile vinavyouzwa ghali madukani. Kwa hiyo kabla ya kulipia kitabu chochote, tafuta jina lake DOAB kwanza. Usitegemee ISBN peke yake: jalada gumu lina namba yake, jalada jepesi yake, PDF yake, na uliyoiona dukani huenda siyo iliyoandikwa kwenye katalogi.

Kutafuta ndiko kunakowaangusha wengi. DOAB hupekua maelezo ya kitabu, yaani jina, mwandishi, muhtasari na mada. Haipekui matini ya ndani. Kitabu cha biashara ya Bahari ya Hindi kinaweza kuwa na sura nzima ya Kilwa na nyingine ya Lamu, na majina hayo yasitajwe hata mara moja kwenye muhtasari. Ukiandika "Lamu" hukipati. Mimi huanza na maneno mapana kwa Kiingereza: "Indian Ocean", "East Africa", "Zanzibar", "Tanganyika". Weka alama za kunukuu kwenye maneno mawili yanayokwenda pamoja, la sivyo unaletewa na vitabu ambavyo maneno hayo yametengana. Kwa enzi ya Wajerumani, kuanzia 1885 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, andika Kijerumani: "Ostafrika" na "Deutsch-Ostafrika". Vitabu vya Kijerumani ni vingi humo, na vipo vizuri sana kuhusu Tanganyika ambavyo msomaji wa Kiingereza tu hatavifikia kamwe. Kwa Kongo, andika Kifaransa. Vya Kiswahili ni vichache mno, na hilo linaniuma.

Ukishaona orodha, soma aina ya kazi kabla ya kubonyeza. OAPEN huhifadhi vitabu na pia sura moja moja, kwa sababu wapo wafadhili wanaolipia sura ya mtafiti wao tu ndani ya kitabu cha wahariri. Unapakua ukidhani umepata kitabu cha kurasa 300, kumbe ni sura ya kurasa 20, na kilichobaki kinauzwa. Ukubwa wa faili hukushtua mapema: kitabu cha maneno matupu kwa kawaida huwa MB 2 hadi 5, cha historia ya sanaa chenye picha za rangi kinaweza kupita MB 50. Faili la KB 400 huwa si kitabu kizima.

Neno "kipya" nalo liangalie. Katalogi hupanga kwa siku rekodi ilipoingizwa, au kwa mwaka wa kuchapishwa, kadiri unavyochagua. Wachapishaji wengine hufungulia vitabu vyao vya zamani kwa mkupuo, kwa hiyo kitabu cha 1998 kinaweza kukaa juu ya orodha ya vilivyoingia wiki hii. Panga kwa mwaka, kisha fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina, uone mwaka wa toleo la kwanza. Kitabu kilichotoka Novemba kikiandikiwa mwaka unaofuata ni kawaida, lisikutie wasiwasi unapoandika marejeo.

Kama kiungo cha DOAB kinakupeleka kwenye ukurasa mtupu, usikate tamaa. Mchapishaji amehamisha tovuti yake, basi. Nakili DOI, namba ya kudumu ya kitabu mtandaoni inayoanza na 10, uibandike baada ya doi.org na mkwaju. Ikishindikana, tafuta jina la kitabu OAPEN.

Sasa faili lenyewe. Ukipewa kuchagua PDF na EPUB, na nafasi ipo, chukua zote mbili. EPUB hujipanga upya kwenye kioo cha simu, unakuza herufi bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Lakini nyingi hazina namba za kurasa za kitabu kilichochapwa, kwa hiyo hazifai kunukuu. Soma kwa EPUB, nukuu kwa PDF. Na unaponukuu, tazama namba iliyochapwa juu ya ukurasa, usifuate ile inayoonyeshwa na programu. Kurasa za mwanzo huandikwa kwa namba za Kirumi. Dibaji na yaliyomo yakiishia xiv, na jalada likahesabiwa, ukurasa wa 1 unaangukia nafasi ya 16 kwenye faili. Tofauti ni 15. Ukitaka ukurasa wa 120 kutoka kwenye faharasa, nenda 135. Nimesoma tasnifu zenye namba zilizokosewa hivyo kuanzia sura ya kwanza mpaka ya mwisho, na msimamizi hakugundua.

Kutafuta neno ndani ya PDF kuna mitego mitatu, na inafaa kuijua, maana wengi huandika kwa ujasiri kwamba kitabu "hakitaji" jambo fulani. Wa kwanza ni herufi zilizounganishwa. Wapanga chapa huunganisha f na i kuwa alama moja. Faili likitengenezwa vibaya, "fikra" haipatikani ukiandika f-i, na ukinakili sentensi unapata "kra". Jaribu kutafuta "kra" tu. Wa pili ni kistari cha mwisho wa mstari: "ustaa-" upande huu, "rabu" mstari unaofuata, na programu nyingine hazioni neno zima. Tafuta kipande. Wa tatu unawahusu hasa wasomaji wa historia ya pwani na Uislamu. Majina ya Kiarabu huandikwa kwa vitone chini ya herufi na alama ya ʿayn, kama ʿAbd au Ḥasan. Ukiandika Hasan ya kawaida, huenda programu isikuletee Ḥasan. Nakili jina kutoka kwenye kitabu chenyewe, ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye EPUB, ukiona vijisanduku vitupu badala ya herufi hizo, tatizo ni fonti ya programu unayosomea. Badilisha programu, faili ni zima. Na baada ya yote, fungua faharasa ya nyuma. Mtu aliyeitengeneza ameshafanya kazi ambayo mashine haikuifanya.

Kwa anayetaka karatasi: kitabu cha kurasa 280 kinaingia kwenye karatasi 70 za A4, kurasa mbili kila upande. Vitabu vingi vya kitaaluma vina ukurasa wa milimita 152 kwa 229, ambao kwenye nusu ya A4 hushuka hadi asilimia 90 hivi. Matini yanasomeka vizuri. Tanbihi za pointi 8 zinashuka hadi pointi 7 na kidogo, macho yanaumia. Kata kwanza ukingo mweupe kwa programu ya PDF, herufi zirudi karibu na ukubwa wake. Pale steshenari sema wazi: kurasa mbili kwa upande, pande zote mbili, karatasi ilale, igeuke kwa upande mfupi, spairo iwekwe kushoto. Wakichagua upande mrefu, kila nyuma inatoka kichwa chini. Waombe wachape karatasi mbili kwanza, uzigeuze mkononi, ndipo waendelee. Hakikisha pia kurasa witiri zimekaa kulia, kama kwenye kitabu. Ikiwa sivyo, ongeza ukurasa mtupu mwanzoni, la sivyo ramani na majedwali ya kurasa mbili yatakatika, nusu huku na nusu upande wa pili.

Leseni ndiyo sehemu ninayoomba kila mwalimu aisome. Iko kwenye rekodi na kwenye ukurasa wa hakimiliki. Nyingi ni za Creative Commons, kwa kifupi CC. CC BY inakuruhusu kunakili, kugawa, hata kutafsiri sura kwa Kiswahili na kuwapa wanafunzi, mradi umtaje mwandishi, uonyeshe leseni na useme umebadilisha nini. Ikiongezwa NC, usiuze. Ikiongezwa SA, tafsiri yako itoke kwa leseni ile ile. Ikiongezwa ND, unaweza kugawa kitabu kama kilivyo, lakini tafsiri yako huruhusiwi kuisambaza bila idhini. Hapa ndipo kazi ya kuhamishia elimu kwenye Kiswahili inakwama, na vitabu vya ND ni vingi. Barua fupi kwa mchapishaji, ikitaja sura ipi, kwa ajili ya darasa gani na kwamba hakuna mauzo, inafaa kuandikwa kabla hujaanza kutafsiri. Picha nazo zina mambo yake: leseni ya kitabu kwa kawaida haifiki kwenye picha iliyoazimwa kutoka jumba la makumbusho. Soma maelezo yaliyo chini yake.

JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida na vitabu, nayo ina vitabu huria vingi, ila hupakuliwa sura kwa sura. Kwa anayetaka sura moja kwa bando dogo, hapo inaizidi OAPEN. Kwa anayetaka kitabu kizima cha sura 12, ni kubonyeza mara 12 na kubaki na mafaili 12 yenye majina yasiyoeleweka. Yape majina upya siku hiyo hiyo: mwandishi, mwaka, namba ya sura.

Upungufu mkubwa wa katalogi hizi ni kwamba wachapishaji wa Afrika wamo kwa uchache. Kwa hao nenda kwenye tovuti zao wenyewe: African Minds na HSRC Press za Afrika Kusini, na CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoanzishwa 1973, hutoa vitabu vingi bure. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wanauza, na kwa aliyeko Tanzania ni rahisi zaidi kununua kwao moja kwa moja kuliko kuagiza kitabu hicho hicho Oxford kupitia African Books Collective, wasambazaji wa vitabu vya wachapishaji wa Afrika. Nakala ya huko huchapwa mtu akishaagiza, halafu inasafiri kurudi ilikoandikwa.