Wakala wa waigizaji aliyenijibu kwa dole gumba: uzoefu wangu

Nyota mbili. Ilikuwa iwe moja, ila ya pili naiacha kwa ajili ya tangazo la mafuta ya kupikia, nitalifikia nikishapoa.

Mimi ni mwigizaji. Si wale wanaozuiwa njiani wapigwe picha, lakini ukiwasha runinga jioni utanikuta: mama mkwe, mama mwenye nyumba, mjumbe wa nyumba kumi, jirani mwenye sikio dirishani. Huku kwetu Gongo la Mboto watoto wananiita kwa jina la mama mkwe mmoja niliyemcheza zamani, na muuza genge naye kafuata. Kazi inayonilisha ndiyo hiyo, sina duka wala bodaboda pembeni. Natanguliza hili kwa sababu watu wakisoma malalamiko ya mwigizaji hudhani ni binti aliyeutaka umaarufu akaukosa. Umaarufu siutaki. Nataka kujibiwa.

Mwaka jana, mvua za vuli ndiyo zinaanza, kijana wa ofisi hii ya uwakala alinipigia. Sauti tamu. "Shikamoo mama. Kuna tamthilia mpya, wanataka mama wa Kizaramo, mkali lakini anachekesha. Nimekutaja wewe hata hawajamaliza kusema." Nikajirekodi siku hiyohiyo. Mjukuu kanishikia simu, nyuma yangu shuka jeupe tumelitundika ukutani: taja jina, taja umri, geuka kushoto, geuka kulia, kisha mistari. Nikatuma. Kesho yake akaniandikia kwamba mwongozaji kanipenda, tarehe zangu zimeshikwa, nisichukue kazi nyingine kwa kipindi hicho.

Kwa msioijua kazi hii, kushikiwa tarehe si kupata kazi. Hakuna mkataba, hakuna hata nauli. Unakaa mikono umeifunga mpaka wakuthibitishe au wakuachie. Sina ugomvi na utaratibu wenyewe, ndivyo matangazo na tamthilia zinavyokwenda. Mwenye hela anabadili mawazo, mwongozaji anataka mtu mfupi zaidi, basi. Ila wakishakuacha, wakala anakwambia. Mstari mmoja tu: mama, wamechukua mwingine. Nimeyasikia maneno hayo ujana wangu wote na utu uzima wangu wote, na bado niko hai.

Kipindi hichohicho kikundi changu cha zamani kilikuwa kinakwenda Kilosa, maigizo ya uhamasishaji, vijiji kwa vijiji, malazi yapo na posho ya kila siku ipo. Nikawaambia nimeshikwa. Wakamchukua mwenzangu.

Halafu kimya. Nikauliza kwa ujumbe: tiki mbili za bluu. Nikauliza tena, safari hii kwa utani: bluu. Nikapiga, inaita mpaka inakata. Nikapiga kwa simu ya mwanangu. Akapokea fasta, "Haloo, haloo?", kusikia ni mimi akashusha sauti: "Mama, niko kikaoni, nakupigia sasa hivi." Jioni nikamwona kapandisha picha yuko Coco Beach na sahani ya mihogo. Kikao kilikuwa na pilipili na ndimu.

Ukweli nimeupata msibani. Kuna binti mpambaji, kanipaka poda kwenye kazi nyingi sana, tukakutana hapo tumekaa mkekani, ananiuliza taratibu, "Mama, mbona ile kazi uliikataa? Tunashuti Bunju wiki nzima sasa." Nilikataa nini? Mimi niko nyumbani nimeshikwa, nimeacha Kilosa, nimeacha na mambo mengine madogomadogo, na kazi yenyewe inaendelea bila mimi. Aliyeichukua ni mwigizaji mzuri, tumetoka naye mbali, sina neno naye kabisa.

Nikatuma ujumbe wa sauti. Sikutukana. Nilimwita mwanangu. Nikamweleza habari ya Kilosa, nikamweleza na kodi ya nyumba, nikamwambia nataka mambo mawili: anieleze ilikuwaje, na siku nyingine aniambie mapema. Ulikuwa mrefu kweli, mimi ni mtu wa jukwaani.

Siku zikapita. Nikiwa nachambua mchicha, simu ikalia. Dole gumba. Lile la njano. Hakuna neno mbele, hakuna neno nyuma.

Dole gumba la nini? Nimelitafakari kuliko skripti yoyote niliyowahi kupewa. Ni nimekusikia? Ni safi sana mama, endelea kukaa bila kazi? Nimeeleza shida zangu kwa sauti yangu, na mtu wa kupokea asilimia 20 ya jasho langu ananijibu kwa kiungo kimoja cha mwili. Na kijana huyu ni rika la mwanangu wa pili. Nikiingia ofisini kwake ananiinukia kiti, ananipokea mkoba. Mdomo wake una adabu zote za Pwani, kidole hakijafundwa. Nikawaonyesha wanangu. Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini, akasema mama, siku hizi ndiyo hivyo, hiyo ni kukubali, ni heshima. Heshima! Nikamwambia basi kesho mama mkwe wako akipiga kusema anaumwa, mtumie dole, uje unisimulie.

Haya. Nimepoa. Tangazo la mafuta.

Mimi nimetokea enzi za filamu za CD. Unalipwa mkononi siku ya mwisho, aghalabu nusu, nusu nyingine "ikitoka". Ikitoka, kasha linauzwa Kariakoo sura yako iko juu, wewe mwenyewe huna nakala. Wale wa Kaole tuliowatazama ITV waliotutia hamu ya sanaa hii hawakuwa na mambo ya wakala. Kulikuwa na kikundi, kulikuwa na mazoezi, ukionekana unafaa unapewa nafasi. Mwigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012 watu walisema soko la filamu limezikwa naye. Mimi nasema lilikuwa linaumwa tangu awali, nakala za wizi zilikuwa zinauzwa barabarani mchana kweupe. Tuliobaki tumebebwa na tamthilia za ving'amuzi, Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu, na matangazo ya biashara. Na kwenye matangazo huendi na mdomo mtupu. Wanataka TIN, wanataka mkataba, wanataka mtu wa kubishana naye bei ambaye si wewe.

Kijana huyu anajua kubishana bei. Kabla yake kuna kampuni ilinipiga picha siku moja, ikanilipa siku moja, bango likasimama mpaka likapauka. Yeye ndiye wa kwanza kuniandikia kwenye karatasi kwamba uso wangu utatumika mwaka mmoja, runinga na mitandao, Tanzania peke yake. Mwaka ulipoisha wenye mafuta wakataka kuendelea, tena walirushe na Kenya. Akawabana, wakalipa upya. Nililipwa nikiwa nimekaa kibarazani nasukwa! Kwenye kila shilingi 100,000 yeye alichukua 20,000, TRA wakachukua 5,000 ya kodi ya zuio, nyingine yote ikaingia kwenye simu yangu siku ileile aliyosema. Tuna sheria ya hakimiliki na hakishiriki tangu 1999, na inamtambua hata mwigizaji, na mimi mkongwe nilikuja kuisikia kwa huyuhuyu mtoto, alinikalisha akanisomea. Kwa hiyo atakayekuja hapa chini kuandika kwamba hawa ni matapeli, mimi nitakuwa wa kwanza kumbishia. Hela yangu hawajaila. Huenda hata nyota tatu ningewapa, kwa mwaka ule wa kwanza.

Lakini sasa, mtu aliyeweza kuwakalia kooni wenye kiwanda cha mafuta, anashindwaje kuandika "wamechukua mwingine"? Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mvivu ningemwelewa. Huyu si mvivu, anachagua nani wa kumjibu. Nenda ofisini kwao uone ukuta: picha mpya kila nikienda, vijana wabichi, wengine ndiyo kwanza wametoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ngozi zinang'aa. Wanaotangaza simu na vinywaji wanawataka hao. Mama mkwe mmoja anatosha kwa msimu. Sawa, biashara. Niambie basi, "Mama, msimu huu hamna", nikapande basi la Kilosa.

Na kuna kifungu kwenye mkataba wao, wanaotaka kusaini wasome kwa miwani. Kazi yoyote lazima ipitie kwao, hata niliyoitafuta mwenyewe, hata ya mtu tunayejuana tangu enzi za CD. Wakati nasaini niliona ni ulinzi. Majuzi nimekutana na prodyuza mmoja Kinondoni, tukasalimiana vizuri, kisha akaniambia, "Mama, tulikutafuta mwaka huu. Tuliiandikia ofisi yako, hawakujibu, tukaendelea." Akasema vile mtu anavyosema habari ya hali ya hewa. Mimi miguu iliisha nguvu.

Kumbe hawanichunii mimi tu. Wanawachunia na wanaonitaka! Wangapi wameandika? Hilo kila usiku linanigeuza kitandani. Kazi niliyoikosa kwa kuchukuliwa na mwingine naijua, nimeilia, nimeisahau. Ya huyu prodyuza nisingeijua kama si kupishana naye njiani, na za wengine sitakuja kuzijua, na mkataba unasema nisizitafute mwenyewe. Nimerudi juu kutazama zile nyota mbili. Andikeni moja.

Kwa vijana, maana najua mtakwenda hivyohivyo: mkishikiwa tarehe, msikae kama mimi. Jibuni kwa maandishi palepale, "Sawa, nisiposikia hadi Ijumaa saa kumi nahesabu nimeachiwa, nitachukua kazi nyingine." Wakala mzuri hatakasirika. Na kile kifungu cha kila kazi kupitia kwao, kikateni, au waandike kwamba maombi yakija lazima uambiwe, hata wakiona hayakufai. Huyu ninayemsema, kwa mikataba, ni fundi. Mwenye simu moja ya mkononi na roho ngumu ya kungoja huenda akapatana naye vizuri tu, sijui, binadamu tunatofautiana.

Mimi nimeandika barua ya kuvunja. Mkataba unataka notisi ya siku 30 kwa maandishi, nami sikutaka kuituma kwa simu nikarudishiwa dole jingine. Nikapanda daladala mpaka Mikocheni, nikamkabidhi binti wa mapokezi, nikamwomba agonge muhuri kwenye nakala yangu. Anagonga, kijana akatoka chumba cha ndani. Alitabasamu kwa dhati kabisa, nusura nimsamehe. "Shikamoo mama! Mbona hukunijulisha kama unakuja?"

Binti wa mapokezi aliinamisha uso kwenye kompyuta. Mimi nilitafuta la kusema, mimi ninayelipwa kwa kuwa na la kusema, nikakosa. Kasema atanipigia jioni tuyaongee. Hiyo jioni bado haijafika.

Notisi inahesabika. Anayetafuta bibi wa kijijini, mganga, au huyo Mzaramo mkali anayechekesha, mwezi ujao anipigie mwenyewe. Nikiwa siwezi nitamwambia siwezi, siku hiyohiyo, kwa maneno.