Masafa ya C au Ku: ufunge dishi lipi?

Kwanza angalia chaneli za setilaiti unazozitaka ziko kwenye masafa yapi: mawimbi ya C hushuka kwa gigahezi 3.7 hadi 4.2 hivi, Ku kwa 10.7 hadi 12.75. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

Kwa gharama, Ku haina mpinzani. Dishi la sentimita 60 hadi 90 linatosha, na fundi mmoja analifunga ukutani. La C huanzia kama mita 1.8, upepo hulisukuma kama tanga, kwa hiyo nguzo isimikwe kwa zege.

Mvua ndiyo hugeuza kibao. Wimbi la Ku lina sentimita 2.5 hivi, matone makubwa hulifyonza na kulitawanya, picha huganda, kisha hupotea mpaka wingu lipite. C, yenye takriban sentimita 7.5, hupenya. Ila minara ya 5G ya masafa jirani huilemea LNB yake, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachokuza mawimbi. Dawa ni kichujio kati ya fidihoni (mdomo unaopokea mawimbi kutoka kwenye dishi) na LNB.

Matunzo? Bati la Ku likibonyea kidogo tu, mawimbi hayakutani tena sawasawa. C husamehe, hata dishi la wavu huitosha.

Mpangaji mwenye kibaraza achukue Ku. Mwenye uwanja, kwenye mvua za mfululizo, C.