Sanduku la frigoliti la nyuma ya soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi: limenifaa kwa mtindi, na dosari zake nazitaja

Nianze na bei ya sanduku hili la frigoliti (lile povu jeupe, jepesi, la kupakia vyombo), linalotunza joto au baridi, maana ndilo swali la kwanza la kila mteja anayeliona sanduku langu barazani: dola 18. Hilo ni kubwa, linaingiza chupa arobaini za robo lita pamoja na barafu yake. Dogo lake, la kubeba begani, ni dola 8. Kabla ya kununua niliulizia sanduku la plastiki la ukubwa huohuo katika duka moja la mjini, nikatajiwa bei inayozidi mara tatu, wala hawakukubali kupunguza. Kwa hiyo anayetazama fedha peke yake anaweza kuishia hapa, aende akanunue. Mimi nataka kueleza namna hili la bei ndogo lilivyotengenezwa kwa akili, na ni wapi fundi bado ana kazi ya kufanya.

Nafundisha kemia sekondari. Mshahara wa mwalimu wa Kongo hauhitaji maelezo, basi usiku nagandisha mtindi nyumbani Katuba na mdogo wangu anauuza mchana barazani na kwenye lango la shule. Biashara hiyo inataka vitu viwili vinavyopingana: usiku maziwa yabaki na joto, mchana mtindi ubaki na baridi. Umeme ukikatika kutwa nzima, friji ni kabati tu. Makala, yaani mkaa, nayo imepanda bei, na kukaa macho ukipuliza mbabula (jiko la mkaa) ili maziwa yasipoe ni kazi ya kumaliza mtu.

Karakana haina kibao. Ukifika soko la Kenya, zunguka nyuma upande wa maseremala, uliza fundi wa frigoliti. Hata watoto wanamjua. Utaona lundo jeupe limefika hadi kwenye paa: zile frigoliti zinazoshika televisheni na friji ndani ya katoni, pembe za kulinda paneli za sola, na magunia ya vipande vya sponji kutoka kwa watengeneza magodoro. Vijana wake huvikusanya kwa mkokoteni kwenye maduka ya vyombo vya umeme mjini. Wenye maduka hufurahi kuondolewa, kwa sababu kitu hiki kinajaza nafasi wala hakina uzito. Karibu asilimia 98 ya ujazo wa frigoliti ni hewa. Meta moja ya ujazo ya ile ya kupakia vyombo inaweza kuwa na kilo 15 au 20 tu. Ndiyo maana hakuna anayeisafirisha mbali kwenda kuyeyushwa kiwandani, isipokuwa ana mashine ya kuibana kwanza, la sivyo lori linabeba hewa na kuchoma mafuta bure. Kuitumia tena palepale mjini ndiyo njia yenye hesabu inayokubali.

Isipochukuliwa inachomwa. Kila anayeishi kwenye kata zetu anaujua ule moshi mweusi wa Jumamosi, wenye masizi yanayotua kwenye nguo zilizoanikwa. Frigoliti ni polistaireni, imejaa kaboni, na kwenye moto wa takataka haipati hewa ya kutosha kuungua yote, kwa hiyo inayobaki inapanda kama masizi, pamoja na monoksidi ya kaboni na mvuke wa staireni, kemikali inayoiunda. Mwaka 2018 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliihamisha staireni kwenye kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani. Nawaambia wanafunzi wangu, nawaambia na majirani. Wengine huchukia, lakini nitaendelea kusema. Na isipochomwa, mvua za Novemba huisukuma kwenye mifereji, inamomonyoka kuwa punje, na punje zile hakuna fagio la kuzikusanya.

Sasa sanduku lenyewe. Kuta ni nene, kama vidole vinne, tabaka mbili za frigoliti zilizopishanishwa ili kiungo cha tabaka la nje kisikutane na kiungo cha ndani. Nje kuna tripleksi (plaiwudi) nyembamba iliyopakwa rangi, ndani kumevikwa nailoni nene iliyokunjwa pembeni bila kukatwa. Nilimuuliza fundi anaunganisha kwa gundi gani, nikijua kwamba jibu hilo lingeniambia kama anaijua kazi yake.

"Ile nyeupe ya mbao, mama mwalimu," akanijibu. "Ile ya njano ya viatu inaila."

Ndivyo ilivyo. Gundi ya mafundi viatu ina viyeyusho vinavyoigeuza frigoliti kuwa utelezi palepale unapoipaka, na petroli na asetoni hufanya hivyohivyo. Gundi nyeupe imechanganywa na maji, haiigusi. Ubaya wake inachelewa kukauka katikati ya tabaka mbili zisizopitisha hewa, kwa hiyo fundi anaacha sanduku limebanwa kwa kamba na matofali siku kadhaa. Ukimharakisha utapewa sanduku litakalobanduka. Msimharakishe.

Kilichonifurahisha zaidi ni mdomo wa kifuniko. Sanduku nyingi za mtaani hupoteza baridi hapo, kwa sababu frigoliti kwa frigoliti hazishikani sawasawa, zinalia na kuacha upenyo. Yeye ameweka ukanda wa ile povu nyingine, laini, inayokunjika bila kuvunjika, inayofunikwa kwenye vioo vya televisheni. Hiyo ni polithini, jamaa ya mifuko ya plastiki, na ukiibonyeza inarudi. Kifuniko kikishuka unasikia hewa ikitoka kidogo, halafu kimya. Anazitofautisha kwa kidole gumba, na pale penye alama anasoma namba ndani ya pembetatu: 6 ni polistaireni, 4 ni polithini laini. Vijana wake wawili wanajua kufanya hivyo pia, niliwaona wakipanga mafungu yao bila kuulizana.

Kuna jambo jingine alilolisema bila kuulizwa: mbao za frigoliti zilizong'olewa kwenye majengo hazipokei. Ana haki. Zile za ujenzi kwa miaka mingi zilitiwa HBCD, dawa ya kuzuia moto inayodumu kwenye mazingira na kwenye miili ya viumbe, na mwaka 2013 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka kwenye orodha ya kemikali za kuachwa. Hata frigoliti ya katoni mimi siiruhusu iguse chakula. Ndiyo maana ile nailoni ya ndani naithamini, na chupa zangu zina vifuniko.

Usiku wa kwanza nilichemsha maziwa hadi nyuzi 85 kama kawaida, nikayaacha yapoe hadi 45, nikatia mtindi wa mbegu, nikajaza chupa na kuzipanga ndani. Nafasi zilizobaki nilizijaza vipande vya sponji nilivyopewa bure karakana. Ilikuwa Oktoba, joto la Lubumbashi ninyi mnalijua. Saa tano baadaye kipimajoto kilichokuwa kwenye chupa ya katikati kilisoma 41, na mtindi ulikuwa umeshaganda kama jibini changa. Bakteria wa mtindi wanapenda karibu nyuzi 43. Chini ya hapo sana wanazembea, juu sana wanakufa. Tangu hapo mbabula nawasha kwa kuchemsha tu. Katika baridi ya Juni na Julai sanduku peke yake halitoshi: naweka chupa mbili za maji ya moto, moja kila upande, nimezifunga kitambaa.

Hizo chupa za moto msiziweke wazi. Frigoliti huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 100, na sufuria iliyotoka kwenye makala ni kali zaidi ya hapo kwenye kitako. Mama mmoja wa barabara yetu alinunua lake kwa ajili ya maharagi, akaingiza sufuria moja kwa moja, nailoni ikashikana na kitako na shimo likabaki. Kwa maharagi fundi anauza aina nyingine, dola 12, yenye sponji na kitambaa cha jinzi ndani na duara la katoni ngumu chini. Unachemsha maharagi yaliyolowekwa kwa dakika ishirini hivi yatokote kwelikweli, unafunika, unaingiza, unasahau. Nimeyala hayo kwa dada yangu Kampemba, yaliiva vizuri. Muhimu ni ule mtokoto wa kwanza, usiufupishe, maana maharagi mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo.

Mchana kazi inageuka. Tofali la barafu la kilo 5 linaingia asubuhi, chupa zikiwa zimeshapozwa, na jioni bado kuna kipande cha kushika kwa mikono miwili, japo mdogo wangu anafungua kila mara. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia karai na gunia, na ikifika saa nane mchana tunauza mtindi wa vuguvugu kwa bei ya kuombana.

Dosari. Pembe za chini hazina kinga, na sanduku likiburutwa kwenye sakafu ya saruji tripleksi inachanika, kisha frigoliti inaanza kumwaga punje. Nimepigilia vipande vya bati mwenyewe. Ingefaa vitoke karakana, hata kama bei itapanda dola moja. Hakuna tundu la kutolea maji, basi barafu ikiyeyuka unachota kwa kikombe. Kwa muuza mtindi ni usumbufu, kwa muuza samaki ni shida kubwa zaidi, kwa sababu maji yale yakipenya nyuma ya nailoni yanaingia kati ya punje na harufu haitoki tena. Wauza samaki wa Kasenga wanaoniuliza nawaambia wadai tundu kabla ya kulipa.

Lakini kinachoniuma ni waya. Wanakata kwa waya wa jiko bovu la umeme uliounganishwa na betri ya gari, ukipata moto unapita kwenye frigoliti kama kisu kwenye siagi. Kazi inatoka safi. Ila wanaifanya ndani ya kibanda, turubai imeshushwa kwa sababu ya vumbi, na vijana wanameza ule mvuke kutwa. Nilimwambia fundi waziwazi, kwa heshima, kwamba meza ile itolewe nje na waya usiachwe uwe mwekundu. Ukiwa mwekundu unachoma badala ya kukata. Alisikiliza. Nilipopita tena meza ilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Wateja wengine nanyi mwambieni, maana sauti ya mtu mmoja haitoshi.

Anauza pia mbao za frigoliti za kuweka chini ya mabati ili nyumba isiwe tanuri. Joto kweli zinapunguza, nimeingia nyumba iliyowekewa. Hata hivyo msiziache wazi kwenye chumba chenye mshumaa, koroboi au mbabula. Ikishika moto inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka juu ya kitanda. Kama lazima uziweke, zifunikwe chini kwa kitu kisichoungua haraka, na jikoni usiziweke kabisa. Yeye hamwelezi mteja hilo mpaka aulizwe, na hapo sikubaliani naye.

Ile vanishi yake nayo, frigoliti iliyoyeyushwa ndani ya petroli, inauzwa kwenye chupa za maji. Kweli inang'arisha mbao na kuziba tundu za ndoo. Lakini chupa ya petroli isiyo na alama, ndani ya nyumba yenye watoto, mimi siinunui na simshauri mtu. Mito ya sponji iliyosagwa ni mizuri, laini, inataka foronya nzito.

Jirani mwenye vifaranga alitaka kuazima sanduku langu dogo kwa ajili ya baridi. Kuku wanaidonoa frigoliti kama mahindi, hawaachi. Aliagiza lake, fundi akalivika tripleksi ndani pande zote, na vifaranga vyake vilipita Julai salama.

Ukienda, nenda na frigoliti zako za nyumbani: kwa gunia zima anapunguza bei kidogo. Ziwe kavu na safi. Visahani vya chakula vyenye mafuta anavikataa, na zile zilizovunjika ndogo sana zifunge ndani ya gunia, upepo usizichukue njiani. Malipo ni nusu kwanza, nusu siku ya kuchukua, faranka au dola. Agiza wiki moja kabla, na Jumapili usiende, wamefunga.